Sentimita Sitini

Mzee Lusangija aliniletea ardhi mezani,
akaikunjua kama kanga mpya:
eka kumi na nane, barabara ya Itetemia.
"Nataka nyumba thelathini na nne," akasema,
"na kila moja ionekane ya pekee."
Akacheka, maana alijua anachoomba.

Nikachora.
Lango lenye paa la vigae vyekundu,
barabara zinazopinda bila sababu
(ukizinyoosha, alisema, pataonekana kambini),
bwawa la kuogelea lenye umbo la figo
katika mji ambao Oktoba ndoo hupanga foleni
kabla ya wenye ndoo kuamka.
Mininga tisa nikaizungushia maduara ya kijani.
Akahesabu, akabakisha miwili,
makazi akayaita Mininga.

Jua la Tabora halisomi ramani.
Fundi Mhoja ndiye aliyenionyesha:
alisimama kiwanjani saa tisa alasiri,
kofia imerudi kisogoni,
akanyooshea kidole sebule ya nyumba namba saba.
"Hapa umepika watu, dada."
Nikageuza vyumba, nikashusha mapaa,
hadi kivuli kikawa kitu cha kwanza ninachochora
na ukuta ukafuata.

Lakini chumba kile sikukigusa.
Nyuma ya jiko, karibu na mtungi wa gesi:
mita mbili kwa moja na nusu,
mlango mmoja, dirisha hakuna.
Kimeandikwa: Msaidizi.
Nilikiandika mimi, kwa herufi nzuri.
"Analala tu mle," alisema Mzee.
"Usiku nani anahitaji dirisha?"
Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayeagiza kokoto.

Nimelala chumba kama hicho, mwaka mzima,
Cheyo, kwa mwalimu aliyenilipia ada
nami nikamlipa kwa vyombo.
Nilijua kumekucha kwa sauti ya sufuria.
Sikumwambia Mzee. Ukimsimulia tajiri njaa yako
atakuongezea wali, si dirisha.

Usiku ule umeme ulikatika, kompyuta inakula betri.
Nikaingia kwenye kabati la nguo la chumba kikubwa,
lile la kutembea ndani kama dukani,
nikalimega sentimita sitini.
Ukuta ukasogea.
Nikatoboa: tisini kwa sitini,
nondo tatu, kizingiti cha saruji
kipana kiasi cha kukalisha kikombe na redio.
Nyumba moja.
Kisha zote.

Kwenye kikao walijadili rangi ya vigae
saa mbili nzima, na soda.
Mtu wa benki aliuliza habari za gereji.
Mzee akatia saini kila ukurasa, akilamba kidole.
Ukurasa wa kumi na moja akakawia.
Akaniangalia juu ya miwani.
Akalamba kidole, akafunua.

Juzi nilipita kule jioni.
Mlinzi akauliza nakwenda kwa nani.
Nikasema, madirisha. Akacheka, akaniandika kitabuni.
Nikazunguka kwa nyuma, njia ya mapipa ya taka:
la tano, soksi za mtoto zimeanikwa nondoni;
la kumi na mbili, kopo la mafuta na kitunguu kilichochipua;
la ishirini, msichana anajisuka
akijitazama kwenye kioo cha dirisha.

La thelathini na moja limezibwa.
Tofali sita, plasta safi, rangi ile ile ya ukuta.
Aliyeziba anaijua kazi.
Nilisimama pale mpaka mbu wakanipata.
Nikaweka kiganja. Ukuta bado ulikuwa na joto la mchana,
na upande wa pili
mtu akakohoa.